Usajili wa Simba na Yanga kabla ya Msimu wa 2021/22 na Njia ya Wachezaji wa Kongo

Utangulizi

Kila mwaka, ligi inapokwisha na kabla nyingine haijaanza, wapenzi wa mpira wa miguu mjini Dar es Salaam huingia katika mjadala ambao hauna mwamuzi wala dakika 90. Hujadili nani ameingia Simba, nani ametoka Yanga, na ni klabu gani kati ya hizo mbili iliyofanya usajili bora. Magazeti huandika majina katika safu mbili, walioingia upande huu na walioachwa upande ule, na msomaji huzijumlisha mwenyewe. Mkazi wa Lubumbashi hashangazwi na jambo hilo. Anaijua hali hiyohiyo kati ya TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, ambapo habari ya mchezaji mmoja kuhama mtaa huweza kuzungumzwa kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mabadiliko ya vikosi vya Simba na Yanga yaliyofanyika katikati ya mwaka 2021, kabla ya msimu wa 2021/22. Kipindi hicho kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kilichofunga enzi ya ubingwa minne mfululizo ya Simba na kufungua enzi nyingine ya Yanga. Pili, mageuzi hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na wachezaji kutoka Kongo, hasa kutoka klabu moja ya Kinshasa, nayo ni V. Club. Kwa hiyo historia hii, ingawa ilitendeka kando ya Bahari ya Hindi, ina ukurasa wake katika historia ya mpira wa Kongo, na ukurasa huo si wa furaha tupu.

Neno lenyewe

Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama kidogo. Neno usajili linatokana na kitenzi sajili, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ya msingi ni kuandika katika daftari rasmi. Husajiliwa ndoa, husajiliwa chama, husajiliwa gari. Katika Kiswahili cha Tanzania maana hiyo imepanuka katika uwanja wa michezo hadi kuhusisha mambo matatu yaliyo tofauti: kumtafuta mchezaji, kumnunua, na kumwandikisha. Katika mazungumzo ya kila siku ya Lubumbashi neno hilo si la kawaida. Husemwa tu kwamba timu imemnunua mchezaji, au hutumika neno la Kifaransa. Upanuzi huo wa maana unastahili kukumbukwa, kwa sababu unaficha jambo ambalo historia ya klabu hizi imelionyesha zaidi ya mara moja: mtu anaweza kununuliwa, akashuka uwanja wa ndege na kuvishwa jezi mbele ya umati, na bado akawa hajasajiliwa.

Mazembe inalijua jambo hilo kwa uchungu. Klabu hiyo, bingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi mwezi Desemba 2010, iliondolewa katika Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2011 si kwa kufungwa uwanjani bali kwa karatasi. Shirikisho la mpira la Afrika liliamua kwamba beki Janvier Besala Bokungu alichezeshwa kinyume cha kanuni, kwa kuwa suala la mkataba wake na Espérance ya Tunis lilikuwa halijakwisha. Aliyeshtaki alikuwa Simba ya Dar es Salaam, ambayo Mazembe ilikuwa imekwisha kuitoa uwanjani. Simba hata hivyo haikufaidika sana, maana ilipewa mchezo wa mtoano na Wydad Casablanca mjini Cairo ikafungwa 3-0. Na kama kwamba historia inapenda mzaha, Bokungu huyohuyo alikuja kuvaa jezi nyekundu ya Simba mwaka 2016.

Njia ya kwanza: kutoka mashariki kwenda magharibi

Ni vema ieleweke kwamba mwaka 2011 mkondo wa wachezaji kati ya nchi hizi mbili ulielekea upande wa Kongo. Katika michezo ile ya Simba na Mazembe, kijana mmoja wa Simba aliwavutia viongozi wa Lubumbashi, naye ni Mbwana Samatta. Alivuka mwaka huohuo, na mwenzake Mtanzania Thomas Ulimwengu naye akajiunga na Mazembe. Mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano, Samatta alifunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger. Mwanzoni mwa 2016 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika, kisha akaenda Genk huko Ubelgiji.

Wakati ule hakuna aliyeona ajabu Mtanzania kuja Lubumbashi kutafuta maendeleo. Mazembe ilikuwa na uwanja wake yenyewe Kamalondo, ilikuwa na ndege, ilikuwa na mishahara. Dar es Salaam ilikuwa na mashabiki wengi na ubishi mwingi. Miaka 10 baadaye mkondo ulikuwa umegeuka.

Sababu za kugeuka huko ni za fedha na za utaratibu. Nchini Tanzania, Simba ilipata mfadhili mkubwa, Mohammed Dewji, na Yanga ikapata udhamini wa kampuni ya GSM. Mwezi Mei 2021 shirikisho la mpira la nchi hiyo na Azam walitia sahihi mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Michezo ilionyeshwa nchi nzima na ratiba ilifika mwisho wake kila mwaka. Nchini Kongo, kinyume chake, timu husafiri kwa ndege kutoka mji hadi mji kwa gharama kubwa, na ligi yenyewe imewahi kukatika njiani. Ile ya 2022/23 haikumalizika kabisa. Mchezaji wa miaka 25 hawezi kungoja ligi irekebishwe.

Hali kabla ya dirisha

Simba ilimaliza msimu wa 2020/21 ikiwa bingwa kwa mara ya nne mfululizo. Nahodha wake John Bocco aliongoza kwa mabao, akiwa na 16, na Mkongomani Chris Mugalu akamfuata na 15. Barani Afrika mafanikio yalikuwa makubwa zaidi. Ikumbukwe kwamba mwezi Januari 2019 Simba ilikwenda Kinshasa ikarudi na mabao matano bila jibu kutoka kwa V. Club. Miaka miwili baadaye, Februari 2021, ilirudi katika mji uleule ikashinda 1-0 kwa penalti ya Mugalu. Siku chache baadaye iliifunga Al Ahly ya Misri 1-0 jijini Dar es Salaam, bao la Luis Miquissone wa Msumbiji, na mwezi Aprili ikaipiga V. Club 4-1 na kuongoza kundi.

Yanga kwa upande wake ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 2016/17. Kwa klabu iliyozaliwa mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya jirani yake wa Msimbazi, miaka minne ya kutazama wengine wakinyanyua kombe ilikuwa aibu ya familia. Mwaka 2020 ilikuwa imekwisha kujaribu dawa ya Kinshasa kwa kuwachukua kiungo Mukoko Tonombe na winga Tuisila Kisinda kutoka V. Club. Dawa haikuponya mara moja, lakini viongozi wa Jangwani waliona dalili za kutosha kuongeza kipimo.

Nani alitoka, nani aliingia

Kama ungeandika safu mbili za gazeti mwezi Agosti 2021, safu ya Simba ingeonekana hivi. Walitoka wawili waliokuwa moyo wa mashambulizi: Miquissone aliuzwa Al Ahly, klabu ileile aliyoifunga miezi sita kabla, na Mzambia Clatous Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco. Waliingia wengi: beki Henock Inonga kutoka DC Motema Pembe ya Kinshasa, winga Pape Ousmane Sakho kutoka Teungueth ya Senegal, kiungo Sadio Kanoute wa Mali, Peter Banda na Duncan Nyoni wa Malawi, na vijana kadhaa wa ligi ya ndani, miongoni mwao Kibu Denis kutoka Mbeya City, mzaliwa wa Kongo aliyepata uraia wa Tanzania mwaka huohuo.

Safu ya Yanga ilikuwa tofauti kwa umbo. Kisinda aliuzwa, naye pia RS Berkane, hata ikawa klabu moja ya Morocco imechota kwenye visima vyote viwili vya Kariakoo katika mwezi mmoja. Waliingia beki wa kulia Djuma Shabani, winga Jesus Moloko na mshambuliaji Fiston Mayele, wote watatu kutoka V. Club, Yannick Bangala, aliyewahi kuichezea V. Club hiyohiyo, kutoka AS FAR ya Rabat. Héritier Makambo, ambaye Yanga ilimtoa Lupopo ya Lubumbashi mwaka 2018 chini ya kocha Mkongomani Mwinyi Zahera, akauzwa Guinea na sasa alikuwa anarudishwa. Kipa Djigui Diarra wa Mali. Na kiungo Khalid Aucho wa Uganda, aliyekuwa akicheza Misri.

Ukizihesabu safu hizi kwa kalamu tu, Simba haikufanya vibaya. Iliuza wawili kwa fedha nzuri, ikanunua vijana wenye umri wa kuuzika tena. Bocco na Mugalu walibaki, na wa tatu wao, Meddie Kagere wa Rwanda, alibaki pia. Nyuma walibaki kipa Aishi Manula na mabeki wote wa maana. Sakho alikuwa na kipaji cha kweli; bao lake la kupiga mpira kinyumenyume dhidi ya ASEC Mimosas mwezi Februari 2022 lilichaguliwa kuwa bao bora la mwaka la Afrika. Anayedai leo kwamba kila mtu aliona mapema kuporomoka kwa Simba anajipa sifa ya unabii baada ya tukio.

Lakini hesabu ya safu mbili ina kasoro moja kubwa. Inamchukulia mchezaji kama gunia la mahindi: limetoka moja, limeingia moja, ghala halikupungua. Chama na Miquissone hawakuwa magunia mawili. Kilichouzwa pamoja nao ni mazoea baina yao, na baina yao na washambuliaji watatu waliosubiri mbele. Bocco na Mugalu walibaki Msimbazi kimwili, lakini aliyewaletea mpira hakuwepo, na msimu uliofuata hakuna hata mmoja wao aliyekaribia hesabu yake ya awali. Hasara hiyo haikuandikwa katika safu yoyote, kwa kuwa hakuna aliyeondoka upande wao.

Yanga ilinunua kinyume cha hapo. Ilipomuuza Kisinda hakuitafuta Afrika nzima winga wa kulia mwingine. Ilirudi katika chumba kilekile cha V. Club na kumchukua Moloko. Shabani, Moloko na Mayele walikuwa wamecheza pamoja. Mukoko aliyewatangulia mwaka mmoja aliwajua, na Bangala alilelewa katika jezi ileile. Kwa maneno mengine, Jangwani haikununua wachezaji watano. Ilinunua kipande cha timu kilichokwisha kushonwa. Na kipande hicho kilipangwa uti wa mgongo wote: beki, kiungo, pembeni, mbele. Nyuma yake akawekwa Diarra, mtu ambaye Wakongomani walimfahamu tayari: yeye alikuwa katika kikosi cha Mali na Bangala katika kikosi cha Kongo wakati Kongo ilipoishinda Mali 3-0 katika fainali ya CHAN mjini Kigali, Februari 2016.

Jambo jingine halina budi kutajwa. Simba ilikuwa imeifunga V. Club mara mbili ndani ya miezi michache. Yanga ikaenda kununua kwa walioshindwa. Wengi wangesema hiyo ni akili ya mnunuzi wa mabaki. Hata hivyo, Simba yenyewe ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo kwa faida: Miquissone alikuwa ndiye mfungaji wa bao lililoitoa Simba katika mashindano ya Afrika mwezi Agosti 2019, akiwa na UD Songo, na miezi michache baadaye Simba ikamsajili. Tofauti ni kwamba Simba ilimchukua mtu mmoja aliyeiumiza, Yanga ikachukua mlango, njia na mwenyeji.

Wiki nne za mashaka

Haya yanaonekana wazi leo. Mwezi Septemba 2021 hayakuonekana. Katika sherehe yake ya kutambulisha kikosi, mwishoni mwa Agosti, Yanga ilifungwa na Zanaco ya Zambia. Kisha ikakutana na Rivers United ya Nigeria katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa, ikafungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini, ikatoka.

Hapo ndipo neno usajili lilipodai maana yake ya kwanza. Katika mchezo wa kwanza, Shabani, Mayele na Aucho walikuwa Dar es Salaam, walikuwa na mishahara, walikuwa wameonyeshwa kwa umma, lakini hati zao za uhamisho wa kimataifa zilikuwa hazijakamilika. Hawakuruhusiwa kucheza. Kile kipande cha timu kilichonunuliwa kwa busara kilikaa jukwaani kwa sababu ya karatasi, kama vile karatasi ilivyoizuia Mazembe mwaka 2011. Tofauti ilikuwa kwamba Yanga iliitii karatasi na ikatolewa uwanjani, ilhali Mazembe ilishinda uwanjani ikatolewa ofisini. Haijulikani wazi ni kifo kipi kina heshima zaidi.

Simba nayo haikuwa na sherehe njema. Siku yake ya kutambulisha kikosi, tarehe 19 Septemba, ilimwalika Mazembe, na mgeni akashinda 1-0. Siku sita baadaye, tarehe 25 Septemba, watani hao wawili walikutana katika Ngao ya Jamii kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mayele, sasa akiwa na hati zake mkononi, alifunga bao pekee mapema katika kipindi cha kwanza. Namna yake ya kushangilia, kutikisa mwili wote mbele ya mashabiki, ilipewa jina kutetema, na kwa muda wa mwaka mzima kitenzi hicho cha zamani, ndugu wa kutetemeka, kilipata maana mpya mitaani: kutetema ikawa ni kufunga, na kumtetemesha mtu ikawa ni kumfunga bao.

Majina pia yalipata safari yake. Djuma Shabani wa Kinshasa akawa Shaban Djuma katika magazeti ya Dar es Salaam, kwa kuwa sikio la pwani lilimsikia kama mtu mwenye jina lake na jina la baba yake, likaupanga mpangilio lilivyoona inafaa. Ni jambo dogo, lakini ni dalili kwamba mchezaji wa Kongo hakupokelewa huko kama mgeni wa mbali. Alisikika kama jamaa ambaye jina lake limeandikwa vibaya njiani.

Msimu

Yanga chini ya kocha Nasreddine Nabi, aliyeichukua timu mwezi Aprili 2021, ilicheza michezo yote 30 ya ligi bila kufungwa hata mmoja, ikatwaa ubingwa. Mayele alifunga mabao 16. Aliyemzidi kwa bao moja, George Mpole wa Geita Gold, baadaye alivuka mpaka akaja kucheza Lupopo, Lubumbashi. Ni mmoja wa wachache waliokwenda kinyume cha mkondo mpya. Mfululizo wa Yanga wa kutofungwa katika ligi, uliokuwa umeanza msimu uliotangulia, ulifika michezo 49 kabla ya Ihefu kuukata mwezi Novemba 2022.

Simba iliporomoka upande mmoja tu. Walinzi wake walisimama: michezo yote miwili ya ligi dhidi ya Yanga, Desemba 2021 na Aprili 2022, iliisha 0-0. Ni mbele palipokauka. Barani, mwezi Oktoba, ilishinda 2-0 ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikarudi nyumbani ikafungwa 3-1 na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kocha Didier Gomes Da Rosa aliondoka siku chache baadaye.

Mwezi Januari 2022 Simba ilimrudisha Chama. Kitendo hicho kina maana kuliko maelezo yoyote ya wachambuzi: klabu ilikuwa imekiri, kwa vitendo, kwamba kilichotoka hakikuzibwa na walioingia. Lakini hapa tena karatasi iliingia kati. Kwa kuwa Chama alikuwa amekwisha kuichezea Berkane katika Kombe la Shirikisho msimu huo, hakuruhusiwa kuichezea Simba katika mashindano hayohayo. Simba ikapangwa kundi moja na Berkane, na Chama akabaki mtazamaji. Berkane ikatwaa kombe.

Mwezi huohuo wa Januari Yanga ilimtoa Mukoko, Mkongomani wake wa kwanza katika mkondo ule, akaenda Mazembe, na kutoka Mazembe akaja winga Chico Ushindi. Ushindi hakuacha alama kubwa Jangwani. Inafaa kusemwa, ili isidhaniwe kwamba kila aliyetoka Kongo alifanikiwa. Makambo pia, pamoja na kupendwa, hakuwa tena yule wa 2018. Kwa hiyo pasaporti haikumhakikishia mtu ushindi. Walioshinda ni wale waliofika pamoja na kucheza pamoja.

Upande wa waliouza

Hadi hapa hadithi imesimuliwa kutoka Kariakoo, na ndivyo inavyosimuliwa kwa kawaida. Lakini kila safu ya walioingia ina safu ya waliotoka katika mji mwingine. V. Club, klabu iliyozaliwa mwaka uleule wa 1935 kama Yanga na iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1973, ilipoteza wachezaji watano wa kikosi chake kwa klabu moja ya kigeni katika majira mawili. Hakuna timu inayoweza kuhamishiwa mbavu zake zote ikaendelea kupumua kama kwanza. Ikiwa Simba iliumizwa na kuondoka kwa wawili waliozoeana, hasara ya Kinshasa ni rahisi kuikadiria, ingawa hakuna gazeti la Dar es Salaam lililokuwa na sababu ya kuiandika.

Lubumbashi nayo haikubaki salama. Januari 2023 mshambuliaji Jean Baleke wa Mazembe alikwenda Simba kwa mkopo, na katikati ya mwaka huohuo Yanga ikamchukua Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kindu. Mayele mwenyewe aliuzwa Misri, Pyramids, baada ya kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kuongoza kwa mabao katika mashindano hayo. Mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika na klabu hiyo, akifunga katika mchezo wa mwisho wa fainali. Kongo ilimlea. Kombe la ubingwa halikupitia kwake.

Katika safari ile ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Mazembe zilipangwa kundi moja. Mchezo wa kwanza, Februari 2023 Dar es Salaam, Yanga ilishinda 3-1. Tarehe 2 Aprili ilikuja Lubumbashi, katika uwanja wa Kamalondo ambao Samatta alikuwa ameufikia miaka 12 kabla akitafuta nafasi. Waliokuja safari hii walikuja wakiongoza kundi. Mazembe ilifungwa 1-0 nyumbani kwake, na bao lilifungwa na Farid Mussa, Mtanzania.